Neno la Staha

Nilifika kwenye karakana ya kaka yangu nikiwa na sentensi moja mdomoni. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima, tena kwa sauti, mpaka mwanamke mmoja tuliyepishana akageuka kuangalia nazungumza na nani. "Hata kama ni wewe uliyenisomesha, kaka, hili sikunyamazii." Huo ulikuwa mwanzo wake tu. Mwisho wake ulikuwa na neno ambalo mdogo hamwambii mkubwa wake, na nilikuwa nimeapa kulifikisha.

Alikuwa ameinamia mlango uliolazwa juu ya meza, anaupiga randa, maranda yamemfunika miguu hadi vifundoni. Aliponiona akazima redio, akajifuta jasho, akaniinulia kidole gumba cha mkono wa kushoto.

"Unaona, nesi? Kimekauka kabisa. Si nilikwambia kwenye simu?"

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli. Mtu mzima mimi, nesi wa miaka tisa kazini, mbele ya mtu aliyeacha shule ili mimi nisome, macho yangu yalikuwa yakitafuta kipande cha mbao kinachoenea mkononi. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kaka yangu asubuhi ile. Na bado nilikuwa nampenda kuliko watu wote.

Hasira ile ilikuwa na umri wa karibu wiki tano. Ilizaliwa siku patasi ilipomteleza ikamchana kidole hicho hicho.

Miaka hiyo kituo chetu cha afya kilikuwa kimepokea utaratibu mpya. Kila mtu mzima anayeingia, awe ameleta kikohozi, mgongo au jino, aulizwe kama anakubali kupimwa magonjwa ya zinaa. Tone moja la damu ya kidoleni, dakika kumi na tano, majibu anapewa mwenyewe. Mkuu wa kituo alilisema hilo kila asubuhi tukiwa bado tunafunga vifungo vya sare: asiulizwe mhudumu wa baa akaachwa mke wa mwalimu mkuu, asiulizwe kijana akaachwa mwenye mvi, maana ukichagua wa kumuuliza umeshamhukumu. Nilikuwa namwamini. Bado namwamini.

Tulipelekwa mafunzo ya siku mbili. Mkufunzi wetu, mwanamke nadhifu mwenye sauti ya kusoma taarifa ya habari, alitufundisha alichokiita lugha ya staha. Tusitaje jina la ugonjwa mahali penye masikio. Vyumba vyenu vimetenganishwa kwa mapazia, alisema, na pazia halizuii neno. Kwa hiyo ugonjwa usipokuwepo tuseme hasi, ukiwepo tuseme chanya.

"Hata jirani akisikia," alisema, "hataelewa."

Niliyapenda maneno yale mawili kama mtu anavyopenda viatu vipya. Mimi ni mtu wa aibu nyingi, ingawa wanaonijua kwa mdomo wangu hawaamini. Neno kaswende lilikuwa linanikwama kooni hata nikiwa peke yangu mbele ya kioo. Sasa nilikuwa nimepewa pa kujifichia. Funika kombe mwanaharamu apite, nilijiambia, tena safari hii kombe lenyewe limetoka wizarani.

Kaka alikuja siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, kidole amekifunga kwa kitambaa kinachonuka vanishi. Nilimsafisha, nikamfunga bandeji. Kisha nikafika kwenye swali, nikaliuliza haraka haraka huku nikiangalia kalenda ya ukutani.

"Hata mimi, na mvi hizi?"

"Kila mtu, kaka."

Akacheka, akaninyooshea mkono wa kulia. "Toboa na huku basi, mikono isije ikaoneana wivu."

Kipimo chenyewe ni kijiplastiki chenye dirisha dogo. Mstari wa kwanza hutokea kwa kila mtu, kazi yake ni kusema tu kwamba kipimo ni kizima. Wa pili ndio wenye habari. Nilitega saa, nikaanza kupanga mikasi iliyokuwa imeshapangwa. Dakika ya sita mstari wa pili ukaanza kujitokeza, mwembamba, na mimi nikageuza kichwa, nikidhani labda nisipoutazama utaona haya urudi. Dakika ya kumi na tano ulikuwa umekoza.

Hapo nikamkumbuka wifi yangu. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka mbili, moja baada ya nyingine, hata kliniki hajaanza, na sote katika familia tulikuwa tumeshazoea kusema ni kazi ya Mungu haina makosa. Kaswende hupita kwa mama ikamwingia mtoto tumboni. Wengine huwaua kabla hawajazaliwa, na wengine huzaliwa na mifupa, macho au masikio yaliyokwisha kuharibika. Ila mama akitibiwa mapema mtoto husalimika, na mapema maana yake sindano ya kwanza ipite angalau siku thelathini kabla ya uchungu. Haya yote nilikuwa nayajua kwa ghibu. Niliyafanyia mtihani nikafaulu.

Nyuma ya pazia alikuwa amekaa mama mmoja, jirani ya kaka mlango wa pili, anasubiri kufungwa goti. Nilimwinamia kaka sikioni.

"Kaka, majibu yako ni chanya."

"Chanya?"

"Chanya. Sindano zimetuishia, zinakuja Jumatatu. Uje Jumatatu tuanze. Na wifi umwambie."

"Nitamwambia leo leo," akasema. Akatabasamu, akanigusa bega, akatoka.

Nilidhani ule ni ujasiri. Nilibaki nimeshika pazia nikimwonea fahari, nikijiambia kwamba wanaume wangekuwa wanapokea habari mbaya namna ile, kazi yetu ingekuwa nyepesi.

Jumatatu sindano zilikuja. Nilitenga chupa sita, tatu za kaka na tatu za wifi, kila mtu moja kwa wiki, nikazifunga pamoja kwa plasta ili mwenzangu asizichukue. Kaka hakuja. Nikamtafutia udhuru, fundi ana kazi nyingi. Jumatatu ya pili hakuja tena, nikampigia simu nikiwa kwenye ukumbi wa wagonjwa, mabenchi yamejaa, mkono nimeukinga mdomoni.

"Mbona huji?"

"Kidonda kimekauka chenyewe, mdogo wangu. Sina haja ya sindano."

Ugonjwa ule huanza na kidonda kimoja kisichouma, mahali pa siri, na kidonda hicho hukauka chenyewe bila dawa. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Huona ngozi imerudi, wakasema wamepona, na kumbe ugonjwa umeingia ndani umekaa. Sikuwa nimemuuliza kaka kama ana kidonda cha namna hiyo. Ningemuulizaje?

"Kidonda kukauka si kupona, kaka."

"Hata ngozi mpya imeshaota. Ninyi manesi wa siku hizi, kila kitu sindano."

"Na wifi umemwambia?"

"Siku ile ile. Hatuna siri sisi."

Wiki mbili zilizofuata alikuwa nje ya mji, anafunga madirisha ya shule fulani ambako simu haikushika mtandao. Mimi nikawa mtu wa kutotulia. Nilifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Nilimimina chai nikaiacha mezani, nikamimina nyingine. Nilitoka nyumbani, nikafika nusu ya njia, nikarudi kuangalia kama nimefunga mlango, nikakuta nimeufunga. Kazini, kila nilipopita kwenye kabati la dawa, nilihesabu zile chupa sita. Nyuma ya kalenda nilichora vistari kwa penseli, kimoja kwa kila siku iliyobaki mpaka tarehe ya wifi ya kujifungua, kisha nikaondoa thelathini. Kila asubuhi nilifuta kimoja, na kila asubuhi niliona vimepungua kuliko nilivyotarajia.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumfuata wifi moja kwa moja. Majibu ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hayana dada wala shangazi. Niliapa hivyo, na ni haki. Tena kaka alikuwa ameniambia ameshamwambia. Kwa hiyo nikawa namngoja wifi aje siku yake ya kliniki, nikijiandaa kumpokea na macho mekundu.

Alikuja Jumatano ya wiki ya tano, anacheka.

"Wifi, mbona macho yamekuingia ndani hivyo? Mimba nibebe mimi, kukonda ukonde wewe?"

Ndivyo tulivyokuwa. Tangu alipoolewa hatukuwahi kusalimiana bila kurushiana neno. Alinirithi kwa mama mkwe wake, alikuwa akisema, pamoja na sufuria mbili mbovu. Nilimpima presha, nikampima uzito, nikasikiliza moyo wa mtoto ukienda mbio vizuri kabisa, na mimi nikaomba nisiseme neno la kipumbavu. Kwenye kadi yake kilibaki kisanduku kimoja kitupu. Mara ya kwanza alipokuja vipimo vilikuwa vimekwisha, mara ya pili aliyempokea alisahau.

"Kimebaki kipimo cha damu," nikasema. "Kile cha kila mtu."

"Cha nini? Mume wangu kapimwa hapa hapa, kapimwa na wewe, akaambiwa yuko salama. Na mimi sina mwingine."

Kalamu ilinidondoka. Niliinama kuiokota nikakaa chini kule muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Pima tu, wifi. Ni utaratibu, kila mtu anapimwa."

"Kila mtu anaulizwa," akasema, akinionyesha tangazo la ukutani. "Kupimwa ni hiari. Nimelisoma wakati nakungoja. Mimi na sindano hatuelewani, wewe unajua."

"Nakuomba."

Akaacha kucheka. Alikuwa na namna ya kukutazama kwa jicho moja, lile jingine amelifinya, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Unaniomba? Tangu lini unaniomba wewe? Kuna kitu unajua?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningeweza kusema siruhusiwi kuzungumza habari za mgonjwa mwingine yeyote. Ningeweza kusema sitakujibu hilo, lakini pima. Hakuna kanuni iliyonilazimisha kudanganya.

"Hapana," nikasema.

"Basi," akasema wifi. Akachukua kadi yake na mkoba wake. Mimi nikaandika kwenye rejista, kwenye mstari wake, amekataa. Nililiandika kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo ilikuwa hivi, nilijiambia nikirudi nyumbani. Kaka yangu kajua ana ugonjwa, kafika nyumbani akamwambia mkewe yuko salama, kisha kanidanganya na mimi kwamba amesema. Na mtoto yumo katikati. Sikupika, sikula. Niliingia chumba hiki nikatoka kile. Asubuhi nikaomba ruhusa ya saa mbili, nikaifuata karakana na sentensi yangu mdomoni.

"Si nilikwambia kwenye simu?" kaka alikuwa anasema, kidole gumba juu. "Kimekauka chenyewe."

Nilikitazama kidole. Kulikuwa na mstari mweupe wa kovu pale patasi ilipopita. Kitu kikaanza kunisumbua kichwani, lakini hasira ilikuwa na haraka zake, nikafungua mdomo. Ndipo akageuka kuniwekea kiti, na akiwa na kiti mkononi akanigeukia tena, na nikaisoma fulana yake. Ilikuwa nyeupe, imechafuka gundi, na kifuani kulikuwa na maandishi makubwa ya kijani: MTAZAMO CHANYA, MAISHA CHANYA.

Sentensi yangu ikapotea. Mpaka leo sijui mwisho wake ulikuwaje hasa.

"Fulana hiyo umeitoa wapi?"

"Hii? Ile semina ya mafundi. Alikuja bwana mmoja na tai, siku tatu tunaambiwa tuwe chanya, tufikiri chanya, tusikae na watu hasi." Akajipiga kifuani. "Ndiyo maana uliponiambia majibu yangu chanya nikafika nyumbani namwambia wifi yako, semina imeniingia mpaka kwenye damu. Tulicheka sana siku ile."

Nikakaa kwenye kile kiti.

Kwa wagonjwa wengine nilikuwa nikilisema neno lile, kisha nakaa nao, nawaeleza ni ugonjwa gani na unafanya nini. Chanya ilikuwa ni ya kubishia hodi tu. Kwa kaka nilibisha hodi nikakimbia. Nilimtupia neno lililonisitiri mimi, naye akalipokea kwa maana anayoijua, maana ambayo kila mtu anaijua. Na kidonda alichonitajia kwenye simu ni cha patasi. Na sindano aliyoikataa alidhani ni ya pepopunda. Hakuwa amedanganya hata mara moja. Katika sisi watatu, mwongo alikuwa mmoja, na ndiye aliyevaa sare.

"Kaka," nikasema, "chanya yetu sisi si hiyo ya kifuani kwako. Kwetu chanya ni kwamba ugonjwa upo. Una kaswende."

Nilisikia sauti yangu ikilitaja neno lile mbele ya mtu ninayempa shikamoo. Lilikuwa neno la silabi tatu tu. Kaka aliweka randa chini taratibu, akakaa juu ya mlango aliokuwa akiutengeneza.

"Upo?"

"Upo. Unatibika. Lakini upo."

"Na yeye?"

"Hajapimwa. Jana amekataa, kwa sababu wewe uko salama."

Akapangusa maranda magotini. Kisha akasema, "Zile mimba mbili." Hakumaliza, na haikuwa lazima amalize.

"Sijui, kaka. Huenda."

Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama. Alilia bila sauti, na kila alipojifuta uso aliacha vumbi la mbao kwenye mashavu.

"Ni mimi niliyeileta."

"Damu haisemi nani kaleta."

"Mimi nasema," akajibu.

Akaivua ile fulana, akavaa shati lililokuwa limetundikwa msumarini, akaanza kufunga madirisha ya karakana. Nikamwambia twende wote. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu akae.

"Hapana. Wewe ulishasema lako."

Kesho yake wifi alikuwa mlangoni kwetu kabla ya mfagizi. Hakunisalimu wala hakunirushia neno. Aliingia chumbani, akakaa, akanyoosha kidole. Tulingoja dakika kumi na tano, mimi nikipanga mikasi yangu. Mistari ilipokuwa miwili nikamgeukia.

"Wifi, majibu yako ni..."

"Usiniletee maneno ya semina," akasema. "Niambie kwa Kiswahili."

"Una kaswende. Inatibika kwa sindano tatu, ya kwanza leo. Tukiwa tumewahi, mtoto hapati."

"Tumewahi?"

Nilitamani kumwambia ndiyo kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote.

"Sijui," nikasema. "Zinatakiwa siku thelathini kabla hujajifungua. Ukijifungua kwa tarehe yako, tumewahi."

Akatikisa kichwa polepole, akiwa anahesabu. Kisha jicho moja likafinywa.

"Juzi nilikuuliza kama kuna kitu unajua."

"Siri ya mgonjwa, wifi. Siruhusiwi."

Ilikuwa kweli, na nilijificha nyuma yake kama nilivyojificha nyuma ya chanya. Akasimama.

"Sindano nitachomwa na yule nesi mwenzako wa chumba namba tano," akasema, akatoka.

Sikuwa na kalenda ya kutosha kwa siku zile. Nilikuwa na vistari vipya, thelathini kamili, na kila simu ilipolia nilidhani ndiyo hiyo, uchungu umeanza mapema. Nilijigonga kwenye meza, nilivunja vipimajoto viwili kwa wiki moja, mkuu wa kituo akaniuliza kama nahitaji likizo. Kaka alikuja akachomwa zake tatu, naye kwa mwenzangu wa namba tano. Siku ya thelathini ilipopita nilikaa kwenye stoo ya dawa, juu ya boksi la glavu, nikalia mpaka nikapata kwikwi. Siku ya thelathini na tatu wifi akashikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya tarehe.

Alizaa mtoto wa kike, mdogo, mkali. Hata hivyo haikuwa mwisho. Mtoto huzaliwa akiwa amebeba alama za damu ya mama yake, kipimo hiki kikaonyesha mistari miwili hata kama yeye ni mzima, na alama hizo hukawia kuondoka. Kwa hiyo alipimwa, akapimwa tena, miezi mitatu, miezi sita, mwaka. Kila mara walikwenda chumba namba tano, nami nilikuwa napita kwenye ukumbi nikijifanya natafuta faili. Alipotimiza mwaka na nusu mwenzangu alifungua mlango, akanionyesha kipimo. Mstari ulikuwa mmoja.

Mlango, nimesema, kwa sababu wakati huo tulikuwa na milango. Jumamosi moja, mtoto akiwa na miezi miwili, kaka alikuja na mkokoteni, akashusha mbao na milango mitano, akajenga kuta nyembamba palipokuwa na mapazia, akaitundika milango, akaipima kwa kuifunga na kuifungua. Wa kwanza ulikuwa ni ule aliokuwa akiupiga randa asubuhi ile, niliutambua kwa fundo la mbao karibu na kitasa.

Kilichosemwa baina yake na mkewe sikijui. Nilisikia kwa watu kwamba walilala vyumba tofauti mpaka mtoto alipoanza kutambaa. Kwangu wifi aliurudisha utani baada ya muda, lakini ulikuwa na makali mapya. Lolote nililosema, hata kwenye karamu, hata mbele za watu, aliuliza maana yake. "Nitakuja Jumapili." "Maana yake?" "Maana yake nitakuja Jumapili, wifi." Watu walicheka, nami nilicheka nao. Na kliniki hakukanyaga tena chumbani kwangu.

Mwaka jana binti yao, mwenye miaka kumi na tisa, alikuja na fomu ya kupimwa afya kabla ya kuanza chuo. Akanipa shikamoo, akakaa. Nilimuuliza swali lile lile, siku hizi nalisema nikimtazama mtu usoni. Akakubali. Tulipomaliza kungoja nikamwambia: "Huna kaswende. Huna virusi vya Ukimwi. Huna homa ya ini."

"Shangazi, naona mstari ni mmoja."

"Najua unaona. Nakwambia hata hivyo."

Akatoka na fomu yake, akiacha mlango wazi. Nilikuwa nimeshageuka kunawa mikono niliposikia unafungwa. Wifi alikuwa amesimama ndani.

"Na mimi," akasema.

"Wa namba tano yupo, wifi."

"Nimemwona." Akakaa. Ameota mvi mbele, lakini jicho ni lile lile. "Si mnamuuliza kila mtu? Niulize."

Nikamuuliza. Nimeliuliza swali hilo mara nyingi kuliko nilivyolitaja jina langu, na bado maneno yalinitoka yamepindapinda. Akanyoosha kidole, nikakitoboa. Tukangoja. Tulizungumzia magoti ya kaka, na bati linalovuja, na bei ya nauli ya kwenda chuoni. Dakika ya sita mstari wa pili ukajitokeza, na safari hii sikugeuza kichwa.

"Mistari miwili," nikasema.

"Maana yake?"

"Maana yake uliugua, ukatibiwa, ukapona. Ugonjwa ulitoka zamani. Alama ndiyo haitoki, utazeeka nayo." Nikakiweka kipimo mezani. "Na siku ile uliponiuliza kama kuna kitu najua, nilikuwa najua. Nilikudanganya."

Wifi alibaki akikibonyeza kidole kwa pamba, muda mrefu kuliko kidole kilivyohitaji.

"Hicho sasa ni Kiswahili," akasema, akanipa ile pamba nikaitupe.